Uchafu Huanzia Tangini: Mwongozo wa Kutunza Njia ya Petroli ya Bodaboda

Oktoba 2023, bei ya petroli Nairobi ilipofika shilingi 217.36 kwa lita, noti ya mia ilinunua mililita 460. Hiyo haijazi hata chupa ya soda ya nusu lita. Bei imepanda na kushuka tangu wakati huo, lakini mazoea ya mia hayajabadilika. Mwendeshaji wa Kibera hutia ya mia alfajiri, ya mia saa sita na ya mia tena jioni abiria wanaporudi nyumbani. Mwenzake wa Kawangware hufanya vivyo hivyo. Tangi halijai kamwe, na koki ya petroli hukaa kwenye akiba mwaka mzima.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Koki ikiwa kwenye akiba, injini hunywa petroli ya sakafu ya tangi, mahali ambapo maji, kutu na mchanga hutulia. Takataka hizo hushuka hadi kabureta, pikipiki ikaanza kukohoa, fundi akaitwa. Fundi husafisha kabureta, na kwa siku tatu mambo huwa mazuri. Siku ya nne pikipiki inazima tena katikati ya mlima, abiria akiwa nyuma. Fundi huyo si mbaya. Alisafisha mwisho wa njia akaacha mwanzo wake ukiwa mchafu.

Mwongozo huu ni kwa waendeshaji wa pikipiki za kabureta, kama Boxer na TVS nyingi zilizoko barabarani, wanaotaka kufanya kazi hii wenyewe. Kanuni yake ni moja: fuata petroli inavyoshuka, kutoka tangini hadi kwenye kabureta, wala usianzie chini. Mwenye pikipiki inayotumia mfumo wa sindano wa kompyuta asiufungue kwa maelekezo haya. Mfumo huo una pampu yenye shinikizo na huhitaji vifaa vyake.

1. Usalama kabla ya spana

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini kama maji, hupenya chini ya mlango na kusafiri hadi kwenye jiko ambalo hulioni. Nairobi haihitaji kukumbushwa mara mbili. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni katika mtaa wa Sinai, Mukuru. Moto uliofuata uliua watu zaidi ya 100.

Waendeshaji wengi hulaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Chumba ni cha futi 10 kwa 10, kuta ni za mabati, jiko la makaa au stovu iko hatua mbili kutoka kwenye gurudumu, na watoto wamelala. Kabureta inayodondosha tone moja baada ya jingine humo ndani ni hatari kubwa kuliko mwizi. Kwa hiyo:

• Funga koki kila usiku kabla ya kuingiza pikipiki ndani. Kama inavuja hata baada ya kufungwa, isilale ndani mpaka itengenezwe.

• Fanya kazi nje, mchana, mahali penye upepo. Pasiwe na sigara, jiko, koroboi wala kichomelea karibu. Injini iwe imepoa.

• Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Ukimwagia petroli inayowaka maji, itaelea juu yake na kuusambaza moto.

• Usivute petroli kwa mdomo ukitumia mpira. Tone dogo likiingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitalini. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali.

• Usinawe mikono kwa petroli. Hukausha ngozi, kisha huingia mwilini. Sabuni ya unga na mchanga laini hutosha.

2. Ijue njia yenyewe

Kwenye pikipiki hizi petroli haisukumwi na pampu. Inashuka kwa uzito wake. Ukikumbuka hilo, utaelewa matatizo mengi bila kufungua chochote.

Juu kabisa kuna tangi na kifuniko chake. Kifuniko kina tundu dogo la kupitisha hewa. Petroli ikishuka, hewa huingia kujaza nafasi yake. Tundu likiziba, petroli hukwama tangini kama soda kwenye chupa iliyozibwa mdomo kwa kidole.

Chini ya tangi kuna koki. Ndani ya tangi, koki huwa na mirija miwili: mrefu ni wa matumizi ya kawaida, mfupi ni wa akiba. Wavu mwembamba huzuia takataka kubwa. Baadhi ya koki zina kikombe kidogo chini yake cha kukusanya maji na uchafu.

Kutoka kwenye koki kuna paipu, na juu ya paipu panafaa kuwe na filta ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani. Pikipiki nyingi hazina filta hii, ama kwa sababu zilitoka dukani bila hiyo, ama fundi aliiondoa ilipoziba akaunganisha paipu moja kwa moja.

Mwisho ni kabureta. Chini yake kuna bakuli linaloweka petroli kidogo. Boya huelea ndani ya bakuli. Petroli ikipanda, boya husukuma sindano ndogo inayoziba mlango. Petroli hutoka bakulini kupitia jeti mbili. Jeti ndogo hulisha injini ikiwa imesimama au inaenda polepole. Jeti kubwa hulisha ukizungusha mkono wa mafuta hadi mwisho. Katikati ya hizo mbili kazi hufanywa na slaidi na sindano yake ndefu.

Hewa ina njia yake, kupitia filta ya hewa, ile mafundi huita eya klina. Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Vumbi la barabara ya murram likiziba filta ya hewa, pikipiki hunywa petroli nyingi kupita kiasi, na mwenyewe hulaumu kabureta ambayo haina kosa.

3. Vifaa vinavyotosha

Huhitaji sanduku la gereji. Tafuta bisibisi mbili, ya nyota na ya bapa, zinazoshika vizuri vichwa vya skrubu; spana namba 8, 10, 12 na 14; koleo; mswaki wa zamani; kitambaa kisichotoa nyuzi; na chupa mbili za kioo zisizo na rangi. Ongeza mkebe wa kinyunyizio cha kusafishia kabureta, paipu mpya ya petroli, klipu zake na filta moja mpya. Vyote hupatikana kwa wauzaji wa vipuri mtaani, na kwa wingi zaidi kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga.

Nunua paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa maji au mrija mwangavu wa kawaida hukakamaa baada ya muda mfupi, hupasuka kwenye klipu na kuanza kudondosha petroli juu ya injini yenye joto.

Tandika kitambaa cheupe chini kabla ya kuanza. Skrubu ya kabureta ikianguka kwenye changarawe, kazi yako ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

4. Ratiba

Kila siku, kabla ya abiria wa kwanza: nusa na utazame. Harufu kali ya petroli au doa chini ya kabureta ni taarifa. Hakikisha klipu za paipu zimekaza. Ukisimama kwenye steji kwa muda mrefu, funga koki. Sindano ya boya ikikataa kuziba huku koki iko wazi, petroli huweza kupita kabureta, ikaingia kwenye silinda na kushuka hadi kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli huua injini taratibu.

Kila wiki: ondoa filta ya hewa ukaikague. Ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, kisha ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi hukung'utwa polepole na haioshwi. Ikishakuwa nyeusi hubadilishwa. Wiki hiyohiyo, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, ukinge vijiko viwili vya petroli kwenye chupa ya kioo.

Kila mwezi: safisha kikombe cha koki kama kipo, kagua filta ya paipu, na safisha tundu la kifuniko. Mara moja kwa mwezi, ukijaliwa siku nzuri, jaza tangi hadi zaidi ya nusu na urudishe koki kwenye matumizi ya kawaida. Tangi tupu hujaa hewa, na hewa ya usiku wa baridi huacha unyevu kwenye kuta za chuma. Kutu huzaliwa hapo.

Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, fanya kazi za mwezi kila baada ya wiki mbili. Ukiosha pikipiki kwa mashine yenye shinikizo, funika kifuniko cha tangi kwa kipande cha plastiki. Maji mengi yanayokutwa kwenye kabureta hayakutoka kituo cha mafuta. Yaliingia siku pikipiki ilipooshwa.

5. Kipimo cha chupa

Hiki ndicho kipimo chenye manufaa kuliko vyote, nacho hakigharimu kitu.

Chukua petroli uliyokinga kutoka bakulini. Iache itulie kwenye chupa kwa dakika kumi, kisha iinue kwenye mwanga. Petroli safi huonekana sawasawa toka juu hadi chini. Ikiwa kuna maji, utayaona yamejitenga chini, kama ushanga unaoviringika unapoinamisha chupa, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na hayachanganyiki nayo. Unga wa rangi ya chai chini ya chupa ni kutu ya tangi. Chembe nyeusi laini kwa kawaida ni mpira wa paipu unaooza kwa ndani. Mchanga uliingia kupitia mdomo wa tangi.

Chupa imekwisha kukuambia pa kuanzia. Kutu na maji vinakurudisha tangini, chembe nyeusi zinataka paipu mpya, na mchanga unataka kifuniko chenye mpira mzima.

Sasa pima mtiririko. Chomoa paipu kwenye kabureta, elekeza ncha yake ndani ya chupa, fungua koki na uhesabu hadi kumi. Petroli itiririke mfululizo. Ikiwa inadondoka, fungua kifuniko cha tangi na utazame tena. Mtiririko ukiongezeka mara tu kifuniko kinapofunguka, tundu la hewa limeziba, na umegundua tatizo ambalo lingekugharimu kusafisha kabureta bure. Usipoongezeka, wavu wa koki au filta ndiyo imeziba.

6. Kusafisha tangi na koki

Ondoa kiti, chomoa paipu, toa petroli yote kwenye mtungi wenye kifuniko, kisha fungua tangi na uliweke mbali na moto wowote. Fungua koki na uichomoe taratibu. Wavu wake ni mwepesi na huchanika. Usafishe kwa mswaki na petroli kidogo. Ukichanika, badilisha koki. Ukiutupa wavu ili petroli ipite vizuri, umefungulia kabureta bomba la takataka.

Tangi lenye vumbi tu husuuzwa mara mbili au tatu kwa petroli kidogo, ukilitikisa na kumwaga hadi itoke safi. Lenye kutu linahitaji siki. Ziba tundu la koki, jaza siki nyeupe, acha usiku kucha au siku mbili, kisha mwaga. Suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua ukali wa siki, halafu kwa maji safi. Lianike juani hadi likauke kabisa, kisha zungusha ndani petroli yenye oili kidogo ili chuma kisipate kutu upya siku hiyohiyo. Watu wengine hutia mnyororo au nati na kutikisa. Chuma kwa chuma ndani ya tangi lenye mvuke wa petroli huweza kutoa cheche, kwa hiyo njia hiyo iache.

Tangi lililotoboka ni kazi ya fundi anayejua. Tangi linaloonekana tupu lina mvuke, na mvuke hulipuka kichomelea kinapogusa. Yeyote anayekubali kuchomelea tangi bila kwanza kuliosha na kulitoa mvuke kabisa, usimwachie tangi lako.

Ukimaliza, funga filta mpya kati ya koki na kabureta. Filta nyingi zina mshale. Uelekee kwenye kabureta. Paipu isipinde kama kiwiko, wala isiguse injini. Wenye boti huweka filta inayotenganisha maji kabla ya petroli kufika kwenye mashine, kwa sababu wakizimikiwa katikati ya ziwa hakuna pa kuegesha. Wewe una pa kuegesha, lakini abiria hatakusubiri.

7. Kufungua kabureta

Fanya kazi hii baada ya sehemu ya juu kuwa safi, si kabla. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kuchomoa kitu.

Funga koki. Chomoa paipu, legeza klipu mbili zinazoshika kabureta kwenye injini na kwenye filta ya hewa, kisha fungua kifuniko cha juu ukatoe slaidi pamoja na kebo yake. Itoe wima, sindano yake ndefu ikipinda haifai tena. Mwaga petroli ya bakulini kwenye chupa.

Geuza kabureta, fungua skrubu za bakuli. Zikikataa, usizilazimishe kwa bisibisi ndogo; tumia inayojaa kwenye kichwa na uibonyeze kwa nguvu unapozungusha. Ondoa bakuli bila kuchana gasketi. Sukuma pini ya boya polepole, toa boya pamoja na sindano yake. Tazama ncha ya sindano: ikiwa na pete iliyochimbika kuzunguka, haizibi tena, na hiyo ndiyo sababu kabureta inafurika. Tikisa boya sikioni. Ukisikia petroli ndani yake, limetoboka na haliwezi kuelea.

Kabla ya kuondoa skrubu ya hewa iliyo ubavuni, izungushe kwenda ndani polepole hadi iguse, huku ukihesabu mizunguko. Andika namba hiyo. Siku ya kurudisha, ifunge hadi iguse kisha uifungue mizunguko ileile. Usiikaze kwa nguvu inapogusa. Ncha yake ni laini.

Sasa jeti. Tundu la jeti ndogo ni jembamba kuliko nusu milimita, na ndilo huziba kwanza. Ishike jeti mbele ya mwanga: unapaswa kuona nukta ya mwanga ya mviringo kamili. Puliza kinyunyizio, kisha upepo. Fundi wa pancha aliye na kompresa atakupulizia, ila kinga macho, na hakikisha boya na mipira yote imeshatolewa. Ikikataa, iloweke kwenye kinyunyizio usiku kucha, kisha ujaribu unywele wa mswaki wa nailoni.

Usitumie sindano ya kushonea wala waya wa chuma. Hii ndiyo desturi inayoharibu kabureta nyingi zaidi mtaani, na hesabu yake ni rahisi. Tundu la milimita 0.40 likikwanguliwa hadi kufika 0.44, jicho halioni tofauti, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Pikipiki itawaka, itapiga kelele vizuri, nawe utalipia petroli ya ziada kila siku bila kujua sababu.

Kwa sababu hiyohiyo, usibadilishe namba ya jeti kwa kusikia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Jeti iliyoenda vizuri pwani itamwaga petroli kupita kiasi hapa. Namba iliyochapwa kwenye jeti yako ndiyo utakayoomba dukani.

Usinyunyize kemikali kwenye mipira na gasketi. Huvimba na kukataa kurudi mahali pake. Usipake gundi ya silikoni kwenye kabureta. Petroli huilainisha, vipande vyake huingia kwenye jeti, ukawa umejitengenezea uchafu mpya.

Rudisha kila kitu kwa mpangilio wa picha zako. Hakikisha mkono wa mafuta unazunguka na kurudi wenyewe kabla ya kuwasha. Slaidi iliyokwama wazi hufanya pikipiki iruke mbele na dereva asiweze kuizuia. Fungua koki, subiri dakika moja, tazama kama kuna tone popote. Hapo ndipo unapowasha. Injini ikishapata joto, rekebisha skrubu ya mlio hadi pikipiki isimame ikivuma kwa utulivu.

8. Dalili na maana yake

Inawaka, inaenda kilomita chache, kisha inazima kama iliyoishiwa. Ukifungua kifuniko unasikia hewa ikivutwa, kisha inawaka tena. Ni tundu la kifuniko.

Haisimami ikinguruma, inazima ukiachia mkono wa mafuta, lakini ukiwa mbio ni nzima. Jeti ndogo imeziba, au skrubu ya hewa imechezewa.

Iko sawa polepole, lakini inakohoa ukifungua hadi mwisho. Tazama kwanza mtiririko na filta ya paipu, kisha jeti kubwa.

Inawaka tu choki ikiwa imevutwa, na mlio hupanda wenyewe. Injini inavuta hewa mahali pengine. Kagua mpira kati ya kabureta na injini kama umepasuka.

Petroli inadondoka kwenye mrija wa chini. Boya limetoboka, sindano imechakaa, au chembe imekaa mlangoni. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikikoma, ilikuwa chembe.

Moshi mweusi na petroli kwisha haraka. Anza na filta ya hewa. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua, na hiyo ni kazi ya injini, si ya kabureta.

Plagi husema kweli kuliko mdomo wa fundi. Ichomoe baada ya safari ndefu. Kahawia nyepesi ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi ni petroli nyingi au hewa kidogo. Nyeupe kama chaki ni petroli kidogo, na injini inapata joto la hatari, isiendeshwe hivyo.

9. Petroli iliyochanganywa

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko petroli na dizeli, na tofauti hiyo iliwashawishi wafanyabiashara wasio waaminifu kuyachanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Mamlaka ya EPRA, ambayo hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, ndiyo pia inayopima mafuta vituoni.

Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi. Pikipiki iliyonyweshwa mchanganyiko hukataa kuwaka asubuhi, hugonga ndani ya injini inapopanda mlima na kuacha plagi nyeusi. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe safi, uiache kivulini. Petroli halisi hukauka bila kuacha alama. Doa la mafuta likibaki baada ya nusu saa, shuku. Kipimo hiki hakitoshi kumshtaki mtu, lakini kinatosha kuhama kituo. Chukua risiti kila ukitia mafuta, kwa maana bila risiti malalamiko yako kwa EPRA hayana mguu wa kusimama.

Petroli iliyokaa nayo ina madhara. Pikipiki ikizuiliwa kituo cha polisi kwa wiki kadhaa, petroli ya bakulini hukauka na kuacha utando unaonata kama gundi ndani ya jeti. Siku ukiichukua, usipige kiki hadi mguu uchoke. Mwaga kwanza bakuli, ingiza petroli mpya, ndipo uwashe.

Petroli chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Kibera huelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, na njiani hupita milangoni mwa watu wanaopika. Iache itulie kwenye mtungi wa kioo, mimina polepole sehemu safi ya juu na uihifadhi kwa kuoshea vyuma. Masalio yapeleke kwenye gereji inayokusanya oili chakavu.

10. Mpaka wa kazi yako

Mpelekee fundi pikipiki iwapo tangi limetoboka, skrubu ya kabureta imekatikia ndani, oili inanuka petroli, au umesafisha njia nzima na dalili imebaki palepale. Nenda na jeti zako ukiwa umezijua namba, na usimame hapo anapofanya kazi. Fundi mzuri hachukizwi na macho ya mwenye mali.

Kama pikipiki ni ya kukodi, kubaliana na tajiri mapema ni nani anayelipia filta, paipu na koki. Pikipiki ikilala, wote wawili mmekosa: yeye hapati hesabu ya siku, wewe hupati chakula. Weka daftari dogo chini ya kiti. Andika tarehe uliyomwaga bakuli, ulichokiona kwenye chupa, na tarehe uliyobadilisha filta. Miezi mitatu ya daftari hilo itamwonyesha tajiri jambo ambalo maneno hayamwonyeshi.

Yote haya hayahitaji kuanza kwa siku ya mapumziko. Kesho alfajiri, kabla hujafika kwenye steji, kinga vijiko viwili vya petroli kutoka bakulini, uviweke kwenye chupa ya kioo na uinue kwenye mwanga. Ukiona ushanga wa maji au unga wa kutu, usiguse kabureta. Anza tangini.